Kuchelewa kwa Mvua: Kisa cha Ngeli ya KU



Zamani, nikifundisha sekondari hapa Babati, niliandika ubaoni: "Kuchelewa kwa mvua kumetutia hasara." Nikawataka wanafunzi wapigie mstari nomino. Mmoja wao, ambaye kwao walizungumza Kiiraqw, alipigia mstari maneno matatu: kuchelewa, mvua na hasara. Lile la kwanza nikamkosesha. "Hicho ni kitenzi," nilimwambia. Akauliza kwa upole, "Basi, mwalimu, ni nini kilichotutia hasara?" Nikamwamuru akae.

Jibu lake lilikuwa limeandikwa kabla sijazaliwa. Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoichapisha kwa sehemu mbili, 1862 na 1869, alizipa ngeli za lugha za Kibantu namba. Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo, na hadi leo wanaisimu huiita KU ngeli ya 15. E. O. Ashton naye, katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, aliieleza KU kwa sura zake zote mbili, ya jina na ya kitenzi.

Mimi nilipotezwa na mazoea ya kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 huorodhesha vitenzi bila KU: utaikuta "chelewa", nayo ni kitenzi. Nikasahau kwamba kamusi huonyesha neno likiwa peke yake, ilhali sentensi hulionyesha likiwa kazini.

Tazama kazi yenyewe. Kuchelewa *kwa* mvua *ku*metutia hasara: neno hilo linatawala upatanisho kama nomino yoyote. Lakini pia husema *kutochelewa*, na *kuwachelewesha* watoto. Likakanusha na kubeba yambwa kama kitenzi. Ndiyo maana huitwa kitenzi-jina.

Wahenga hawakusubiri wanasarufi: "Kuishi kwingi ni kuona mengi", "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Kwa mshairi, tofauti hii ina uzito. *Kifo* ni jambo lililokwisha kupewa jina. Katika *kufa* bado twaona tendo likitendeka. Anayechagua kati ya hayo mawili hachagui mizani tu.

Mwanafunzi yule sikumrudishia alama yake. Popote alipo, ajue kwamba alikuwa sahihi, na kwamba kuuliza kwake kulinifundisha.