Seva ya Barua Pepe Isiyokatika kwa Biashara Ndogo

Seva ya barua pepe isiyokatika ni mpangilio wa mitambo na programu unaowezesha ujumbe kupokewa, kusomwa na kutumwa hata mashine moja inapozimika. Kiwango chake hupimwa kwa sehemu ya mwaka ambayo huduma inapatikana. Asilimia 99 huruhusu kukatika kwa siku 3 na nusu hivi kwa mwaka, asilimia 99.9 huruhusu takriban saa 9, na asilimia 99.99 dakika 53 tu. Nyumba ya wageni ya Diani au duka la vifaa vya ujenzi la Waa hutoshelezwa na kiwango cha kati, ambacho hufikiwa kwa mashine mbili za kawaida zilizowekwa mahali tofauti.

Vyanzo vya kukatika

Waa iko kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga, kaunti ya Kwale. Ofisi za ukanda huu hutegemea gridi ya taifa, ambayo ilizimika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, kisha tena Novemba na Desemba mwaka huohuo. Intaneti nayo huingia Kenya hasa kupitia nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa. Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS karibu na bandari hiyo, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Hewa ya chumvi huongeza kutu kwenye feni na viunganishi vya kompyuta.

Kinga ya kwanza ni betri ya UPS inayolisha seva pamoja na modemu na swichi. Ya pili ni laini mbili za intaneti zenye njia tofauti, kwa mfano faiba na mtandao wa simu. Faiba za kampuni mbili zinazopita kwenye nguzo zilezile huanguka pamoja nguzo zikianguka.

Njia ya ujumbe

Kanuni za SMTP, zinazoongoza upelekaji wa barua pepe na zilizotolewa mara ya kwanza 1982, huvumilia kukatika. Tuseme wakala wa utalii wa Ujerumani anaomba vyumba Diani saa nne usiku, na huko Diani umeme umepotea. Seva yake husoma rekodi za MX, yaani orodha ya seva zinazopokea barua, za kikoa cha hoteli na kukuta seva mbili, moja yenye namba 10 na nyingine 20. Namba ndogo hutangulia. Ya 10 isipojibu, ombi hupelekwa kwa ya 20 papo hapo. Hoteli ikiwa na seva moja tu, ombi hubaki kwenye foleni Ujerumani na kujaribiwa tena na tena, kwa kawaida hadi siku 4 au 5. Kwa hiyo ujumbe unaoingia haupotei kwa urahisi. Kinachosimama ni kusoma na kujibu, na mteja asiyejibiwa huenda kwingine.

Seva ya pili lazima ijue orodha ya anwani halali na iwe na kichujio kilekile cha barua taka, kwa kuwa watumaji wa taka hupenda kuingilia mlango huo.

Seva mbili kwa gharama nafuu

Seva kuu hukodiwa kwenye kituo cha data, na ya pili huwekwa ofisini au kukodiwa kwa kampuni nyingine. Zote huendesha Postfix na Dovecot, programu huria zisizotozwa ada ya leseni. Masanduku ya barua huoanishwa kila baada ya dakika chache kwa amri ya Dovecot inayolinganisha ujumbe mmoja mmoja, hivyo barua zilizoingia pande zote mbili huunganishwa bila kufutana.

Laini nyingi za ofisi hazina anwani ya IP ya kudumu, na watoa huduma wakubwa wa barua pepe hukataa ujumbe kutoka anwani za aina hiyo. Kwa sababu hiyo seva ya ofisini hutuma kupitia huduma ya upelekaji iliyo nje ya ofisi, ambayo nayo hutajwa kwenye rekodi ya SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa. Jina la seva linalotumiwa na simu za wafanyakazi hupewa muda mfupi wa kuhifadhiwa katika DNS, kama dakika 5, ili lielekezwe upesi kwenye seva iliyo hai. Katika biashara ndogo ni salama zaidi kazi hiyo ifanywe na mtu, kwa maana mashine mbili zilizopotezana mawasiliano zinaweza kila moja kujiona ndiyo kuu.

Nakala rudufu na majaribio

Kuoanisha hakuchukui nafasi ya nakala rudufu: barua iliyofutwa kwenye seva moja hufutika na kwenye nyingine. Nakala ya tatu huwekwa mahali pengine kila usiku. Husimbwa pia, kwani barua za hoteli hubeba namba za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye taarifa kama hizo azilinde.

Mpangilio huthibitishwa kwa kuujaribu. Kila baada ya miezi michache seva kuu huzimwa makusudi saa za kazi, ujumbe hutumwa kutoka nje, na muda hupimwa hadi mfanyakazi ausome na kuujibu. Baadaye barua moja hurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu, na hatua zote huandikwa ili mtu mwingine ofisini aweze kuzifuata.