Majarida ya Kukodi: Maktaba za Kilifi na Ada ya Mwaka

Jarida la Azania lilianza kutolewa Nairobi mwaka 1966, nalo tangu hapo limekuwa mojawapo ya mahali pakuu pa kujadili akiolojia ya miji ya kale ya Waswahili. Katika siku hizo za karatasi maktaba ililipa ada yake, na toleo likaja kwa posta. Likapigwa mhuri, likatiwa jalada, likapangwa rafuni. Fedha zilipopungua, matoleo mapya hayakuja, lakini yale ya zamani hayakuondoka. Kilicholipiwa kilikuwa mali ya maktaba.

Tangu mwaka 2009 jarida hilohilo limo mikononi mwa kampuni ya Taylor & Francis ya Uingereza, na aghalabu husomwa kwa mtandao. Hapa ndipo maana ya kulipia ilipogeuka. Maktaba haipokei kitabu, hupokea ruhusa ya muda iliyoandikwa katika mkataba. Kompyuta ya mchapishaji huitambua kwa tarakimu za anwani yake katika mtandao. Msomaji aliye nje ya tarakimu hizo hutakiwa alipie makala moja moja. Bei nayo haifanani: hupimwa kwa wingi wa wanafunzi na kwa hali ya uchumi wa nchi. Tena majarida mengi huuzwa kwa mafungu, hata anayetaka mawili hujikuta ameyachukua mia. Ipo mikataba inayomwachia mlipaji haki ya kuendelea kusoma miaka aliyoilipia, na ipo isiyomwachia kitu. Kusema kweli, neno kununua limebaki hapa kwa adabu tu. Hasa ni kukodi.

Chuo Kikuu cha Pwani kilizaliwa ndani ya hali hii. Kilianza mwaka 2007 mjini Kilifi, penye iliyokuwa taasisi ya kilimo, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikapewa hati yake mwaka 2013. Hakikurithi rafu za majarida yaliyokusanywa kwa miongo mingi, kama vyuo vikongwe. Kwa chuo cha namna hiyo mkataba ukikatika hapana jalada la kurudia.

Wakutubi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuiona hatari hiyo. Mwaka 2002 shirika la INASP la Uingereza lilianzisha mpango wa kuzipatia maktaba za nchi maskini majarida kwa bei nafuu, na mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliunda ushirika wao, KLISC. Mapatano hufanywa kwa jina la wote, na kila chuo hutoa fungu lake la gharama. Faida yake ni dhahiri, kwani chuo kidogo cha pwani hakina nguvu ya kubishana bei peke yake. Lakini ushirika hupunguza kodi, hauiondoi.

Mjini Kilifi humohumo upo mfano wa njia nyingine. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimeandika mengi juu ya malaria ya watoto wa wilaya hiyo. Mwaka 2005 Wellcome Trust iliwashurutisha watafiti wapya inaowagharimia kuziweka makala zao wazi kwa wote. Basi gharama ilihama kutoka kwa msomaji hadi kwa mfadhili. Wanaochunguza lugha na magofu ni nadra kupata mfadhili wa kadiri hiyo; bahati yao ni majarida kama Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, ambalo husomwa mtandaoni bila malipo.

Gede, alipoanza kuchimba James Kirkman mwaka 1948, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka chuoni. Mwanafunzi aweza kwenda asubuhi akazigusa kuta za msikiti mkuu, akarudi jioni kutafuta yaliyoandikwa juu yake, akakuta kwamba muda wa mkataba umekwisha.