Sabufa ya "Wati 3000" na Adapta ya Wati 24

Tuangalie historia fupi ya namba inayotudanganya madukani.

Mwaka 1974 Marekani ilitunga kanuni: anayetangaza nguvu za amplifaya ya nyumbani ataje zile inazoweza kutoa mfululizo, si za mpigo mmoja. Mwaka huohuo Kenya ikapata KEBS, shirika lake la viwango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Redio za bei nafuu zikamiminika hadi Kisumu, nyingi zimeandikwa "PMPO". Kipimo hicho hakina kanuni moja. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Mwaka 2005 Kenya ikaanza kukagua bidhaa huko zinakotoka, kabla hazijapakiwa. Hata hivyo PMPO haikufa.

Basi ukienda Kibuye, achana na boksi. Geuza adapta usome: volti 12 mara ampea 2 ni wati 24. Hizo 3000 zitatoka wapi? Ukiongeza sauti zaidi ya hapo, besi ya benga inakwaruza, mwishowe koili inaungua. Na pesa ya mauzo ya omena imeenda hivyo.