Akaunti ikifungwa: kutoka BitKeeper hadi Tehran

Testi zimekwisha, angalau mtu anapumua. Kuna wenzangu wa kompyuta waliniuliza: hivi mtu akifungiwa akaunti anayohifadhia programu zake, anaipataje tena? Mimi mwenyewe ni mtu wa historia bwana, basi nitajibu kihistoria.

Tuanzie 2002. Mwaka huo Linus Torvalds, yule jamaa wa Ufini aliyeanzisha Linux, alianza kutumia BitKeeper kutunza kazi hiyo. BitKeeper ilikuwa programu ya kampuni ya Larry McVoy. Watu wa Linux walipewa bure, ila kwa masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia bure asitengeneze programu ya kushindana nayo. Wapo walionung'unika tangu mwanzo kwamba kazi huria haifai kutegemea chombo cha mtu mmoja.

Mwaka 2005 yakatimia. Andrew Tridgell, mtaalamu wa Australia, alitengeneza kijiprogramu cha kuwasiliana na seva za BitKeeper. McVoy akaona huyu anachokonoa siri za biashara yake, akaliondoa toleo la bure. Yaani mwenye nyumba kachukua funguo zake, wapangaji wote nje!

Torvalds hakukaa kubembeleza. Aprili 2005 akaanza kuandika chombo chake, Git. Ndani ya siku chache tu Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe, na Juni mwaka huohuo Linux 2.6.12 ikatoka chini ya Git. Uzuri wake ni huu: ukichukua nakala ya kazi, unabeba na historia yake yote, nani alibadili nini na lini. Seva ikizimwa, nakala yako inatosha kuanza upya mahali pengine.

Ungedhani ishu imekwisha. Wapi! Mwaka 2008 ikaja GitHub, watu wakahamia wote. Haikuwa ghala tu, ilikuwa kijiwe. Pale ndipo watu waliporipoti makosa, wakabishana, wakatumiana marekebisho, na hata waajiri wakapita kuangalia nani anajua kazi. Mwaka 2018 Microsoft ikainunua kwa dola bilioni 7.5. Chombo kilichobuniwa ili kila mtu awe na chake, sasa tumekirundika chini ya paa moja.

Julai 2019 paa likavuja. Watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea walikuta akaunti zao zimebanwa. Sababu haikuwa kosa walilofanya, bali mahali walipoishi: sheria za vikwazo za Marekani. Kazi zilizo wazi kwa umma zilibaki, ila hazina binafsi na huduma za kulipia zikafungwa. Mkuu wa GitHub wa wakati huo, Nat Friedman, alieleza kwamba hawapendi kufanya hivyo ila sheria inawalazimu.

Kulikuwa na fomu ya rufaa. Unajaza, unathibitisha kwamba huishi katika eneo lenye vikwazo. Fomu ile ilimfaa aliyekwishahama au aliyepita tu. Lakini mtu anayeishi Tehran na familia yake aandike nini? Akisema kweli, anajifungia mwenyewe.

Nafuu ya Iran ilikuja kwa mlango mwingine kabisa. GitHub iliongea na serikali ya Marekani kwa takriban miaka miwili, na Januari 2021 ikatangaza kwamba imepata leseni kutoka OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha inayosimamia vikwazo. Huduma zote, za bure na za kulipia, zikarudi kwa watu wa Iran. Wa Syria na Crimea hawakuwamo katika leseni ile.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenzangu ni hili. Kwanza uliza umefungiwa kwa sababu gani. Kama wamekudhania siye, rufaa na ushahidi vinaweza kukufungulia. Kama ni sheria ya nchi, fomu yako peke yako haina nguvu, wanaoongea ni wakubwa. Na katika hali zote mbili, kinachokuokoa ni ulichobeba kabla mlango haujafungwa.

Hapo wengi ndipo tunapojidanganya. Git inakutunzia kazi, sawa. Lakini majadiliano, ripoti za makosa na jina ulilojijengea miaka yote viko kwa mwenye seva. Basi nyie wa mwaka wa mwisho wenye proji, chukueni nakala kamili mweke kwenye fleshi, na nyingine kwenye kompyuta ya rafiki. Na yale majadiliano muhimu yanakilini pia. Watu wa Tehran walisubiri mwaka mmoja na nusu. Siku ya kukabidhi proji haisubiri hata wiki.

Haya, kantini inaita. Wikiendi njema wadau!