Umbali wa anga kati ya Mwanza na Dar es Salaam

Umbali wa anga kati ya Mwanza na Dar es Salaam, Tanzania, ni takriban kilomita 850 (maili za baharini 460). Kipimo hiki ni cha mstari mnyoofu kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza (MWZ), kusini mwa Ziwa Viktoria, hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (DAR) karibu na Bahari Hindi.

Usichanganywe na umbali wa barabara, ambao unazidi kilomita 1,100, wala wa reli ya kati, iliyofika Mwanza mwaka 1928 na yenye kilomita zaidi ya 1,200 kupitia Tabora. Barabara inazunguka kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Mstari wa anga unaiacha miji hiyo yote upande wa kusini-magharibi: unapita karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi na karibu na Mlima Hanang.

Muda wa safari

Ndege haifuati mstari huo hasa. Hupaa na kutua ikielekea upepo, na angani hufuata njia inayopangiwa na waongozaji, hivyo kilomita inazoruka huzidi 850 kidogo. Ndege ya jeti kama Airbus A220 ya Air Tanzania hutumia karibu saa moja na nusu. ATR ya Precision Air, yenye mapangaboi, hukaribia saa 2. Kwa basi ni safari ya kutwa nzima au zaidi. Ndiyo maana Fastjet ilipoanza safari zake nchini mnamo Novemba 2012 kwa nauli za chini, Mwanza ilikuwa mojawapo ya vituo vyake viwili vya kwanza kutoka Dar es Salaam, pamoja na Kilimanjaro.

Ikilinganishwa na miji ya jirani

Kwa njia ya anga Mwanza iko karibu zaidi na viwanja vikuu vya nchi jirani kuliko na Dar es Salaam. Entebbe (Uganda) iko umbali wa takriban kilomita 280, ng'ambo ya ziwa. Kigali (Rwanda) 315. Nairobi (Kenya) 460, yaani zaidi kidogo ya nusu ya safari ya Dar es Salaam.

Jambo hili limegusa sana biashara ya minofu ya sangara, ambayo huharibika upesi na huuzwa hasa Ulaya. Kuna wakati ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zilipakia minofu hiyo Mwanza kwenyewe. Zinaonekana katika filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare (2004). Shehena nyingine imepelekwa kwa malori yenye barafu au majokofu hadi Nairobi na kupandishwa ndege huko, ingawa samaki wamevuliwa na kuchakatwa Tanzania.