Mgeni, Mwenyeji na Ziwa la Moto: Historia ya Ziara katika Hifadhi ya Virunga

Kwa mkaaji wa Kalemie, volkeno za Virunga huonekana kuwa jambo la mbali, la watu wa Kivu. Jiografia na historia zinashuhudia vingine. Ni milima hiyo iliyoziba njia ya maji ya kale yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Ziwa Kivu likajaa hata likapata mlango upande wa kusini, kwa mto Ruzizi uingiao Tanganyika. Nayo Tanganyika huyatoa maji yake kwa mto Lukuga, papo hapo Kalemie, kuelekea mto Kongo. Tena majina mawili ya wageni yanayohusiana na historia ya volkeno hizo yaliandikwa pia katika ziwa Tanganyika: Götzen na Albert.

Makala haya yanachunguza historia ya kuutembelea mlima Nyiragongo na hifadhi inayouzunguka, kwa kipimo cha methali ijulikanayo na wote wasemao Kiswahili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walipokuja, je, mwenyeji alipona?

Nyiragongo una kimo cha meta 3,470, nao uko kaskazini mwa mji wa Goma. Kileleni pana kasoko, yaani shimo kubwa la volkeno, lenye upana unaozidi kilometa moja. Makasoko mengi hujaa maji ya mvua yakawa maziwa. Hili kwa miaka mingi limehifadhi ziwa la mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Wenyeji hawakungoja mgeni awaonyeshe jambo hilo. Katika mapokeo ya nchi hizo, roho za watu wabaya hupelekwa katika moto wa Nyiragongo, na za watu wema hupumzika katika mlima mwingine wa safu hiyo hiyo, Karisimbi. Kwa hiyo kasoko lilikuwa na maana na heshima yake kabla halijaingia katika ramani za Ulaya.

Mzungu wa kwanza kupanda hadi ukingo wa kasoko alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Msafara wake uliondoka Pangani, katika pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa 1893, ukavuka bara hata mlango wa mto Kongo. Vitabu humtaja yeye. Lakini mizigo haikujibeba. Wapagazi na askari walioajiriwa pwani ndio walioufikisha msafara, na lugha yao ya njiani ilikuwa Kiswahili. Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na jina lake likapewa meli iliyoteremshwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916; Waingereza wakaifufua na kuiita Liemba.

Jina la pili ni la Albert. Mwishoni mwa 1891 nahodha Jacques, Mbelgiji, alianzisha ngome kando ya ziwa Tanganyika na kuiita Albertville, kwa heshima ya mwana wa mfalme aliyetawala Ubelgiji tangu 1909. Tarehe 21 Aprili 1925 jina lilo hilo lilipewa hifadhi mpya katika volkeno: Hifadhi ya Taifa ya Albert. Mmarekani Carl Akeley, aliyefika huko mwaka 1921 kuwinda sokwe wakubwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, ndiye aliyesihi kwa nguvu walindwe. Alirudi akafa mwaka 1926 katika mlima Mikeno, akazikwa huko. Upanuzi wa 1929 na wa miaka iliyofuata uliingiza volkeno za magharibi, Nyiragongo ikiwamo, pamoja na nchi tambarare za kusini mwa ziwa Edward.

Hapo methali ilipinduliwa. Mgeni mwenye kibali cha serikali alipokelewa kwa heshima. Mwenyeji aliyelima, kuwinda, kuvua au kukata kuni ndani ya mipaka mipya alihesabiwa kuwa mvunja sheria. Lugha nayo ilishuhudia mabadiliko hayo: aliyeitwa jana mwindaji akaitwa jangili, na aliyerudi katika shamba la babu yake akaitwa mvamizi. Hifadhi iliokoa sokwe wa milimani, na faida hiyo haifai kukanwa. Lakini gharama yake ilibebwa na wale ambao hawakuulizwa. Ugomvi wa ardhi unaoendelea katika mipaka hiyo una mizizi yake hapo.

Baada ya uhuru majina ya wageni yalianguka. Albertville ikawa Kalemie, na mwaka 1969 hifadhi ikapata jina la Virunga. Mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1994 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mlima wenyewe nao ulishuka kuwatembelea watu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lilitoka kwa nyufa, likaisha kwa muda upatao saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya Goma hata ukaingia ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena.

Katika vipindi vya utulivu watalii walipanda kutoka Kibati na kulala ukingoni mwa kasoko wautazame moto usiku. Kama siku za Götzen, walisindikizwa na walinzi na wachukuzi wenyeji. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya hifadhi hiyo. Mwaka 2018 ziara zilisimamishwa baada ya mlinzi kuuawa na wageni kutekwa. Zilirudi 2019, kisha zikakatizwa tena na maradhi, volkeno na vita. Kwa upande mwingine, kituo cha umeme cha Matebe, karibu na Rutshuru, kilichofunguliwa na hifadhi mwaka 2015, kinaonyesha kwamba hifadhi yaweza kumfikia mwenyeji kwa namna isiyo ya kumfukuza.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: mara nyingi mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Hata hivyo methali haikuvunjika; yabaki kuwa kipimo cha haki. Historia ya ziara haiishi katika orodha ya waliofika kileleni. Yapasa imhesabu pia aliyebeba mizigo, aliyeondolewa shambani, na aliyezikwa akiwa zamu.