Kisima Mbali na Bandari: Ugavi na Mafuta ya Bahari ya Chukchi

Mjadala kuhusu mafuta ya Aktiki hutawaliwa na swali la kihandisi: je, kisima kinaweza kuchimbwa salama katika bahari yenye barafu? Swali hilo si la msingi. Linaloamua ni kama meli, mafuta ya kuendeshea mitambo, vipuri na waokoaji vinaweza kufikishwa mahali pasipo na bandari, ndani ya msimu wa majuma machache. Jaribio la Shell katika Bahari ya Chukchi, kaskazini-magharibi mwa Alaska, linalithibitisha hilo kuliko takwimu za barafu. Kampuni ilinunua leseni mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 2.1, na ilipojiondoa Septemba 2015 ilikuwa imekwisha kutumia kama dola bilioni 7.

Kisima chenyewe, Burger J, hakikuwa cha kutisha. Kina cha maji kilikuwa kama mita 45, ilhali mtambo wa Deepwater Horizon ulichimba penye kina cha takriban mita 1,500. Ugumu ulikuwa nje ya kisima. Dutch Harbor, bandari iliyotegemewa, iko zaidi ya kilomita 1,500 kusini, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bering. Kwa hiyo kampuni ililazimika kwenda na kila kitu, na mamlaka hazikuruhusu kufikia tabaka la mafuta kabla vifaa vya dharura havijawa tayari. Katika mpangilio wa namna hiyo hakuna kasoro ndogo. Mwaka 2012 kuba la kunasia mafuta liliharibika kwenye majaribio katika jimbo la Washington, kusini kabisa mwa barafu yoyote, na msimu mzima ukaishia kwenye matundu ya juu tu. Mwaka 2015 Fennica, meli iliyobeba kifuniko cha kuzibia kisima, ilitoboka ubavuni ikitoka Dutch Harbor kwa kugonga mwamba usiokuwamo kwenye ramani. Ikabidi irudi hadi Portland, Oregon, kutengenezwa.

Mkasa wa Kulluk, mtambo wa kuchimbia wa Shell, ndio unaofundisha zaidi. Chombo hicho cha duara hakikuwa na injini ya kujiendesha, kikakokotwa kuelekea kusini Desemba 2012. Uchunguzi wa Walinzi wa Pwani wa Marekani ulitaja kodi ya Alaska, ambayo ingeangukia tarehe 1 Januari, miongoni mwa sababu za kuondoka wakati huo (mhasibu naye huwamo katika hesabu ya dhoruba). Tarehe 27 kiungio cha chuma cha kamba ya kukokotea kilikatika. Siku iliyofuata injini zote nne za Aiviq, meli mpya iliyoundwa kwa kazi hiyohiyo, zilizimika. Wafanyakazi 18 wakaokolewa kwa helikopta, na tarehe 31 Kulluk ikakwama kwenye kisiwa cha Sitkalidak.

Wapo wanaosema kwamba barafu inapungua, hivyo tatizo litajimaliza. Lakini hakuna hata mmoja kati ya mikasa hiyo mitatu uliosababishwa na barafu. Pingamizi zito zaidi ni Prirazlomnaya ya Urusi, inayozalisha mafuta katika Bahari ya Pechora tangu Desemba 2013. Hoja hiyo inanisaidia. Jukwaa hilo limekaa juu ya sakafu ya bahari, penye kina cha mita 20 hivi, kilomita 60 tu kutoka pwani. Nyuma yake ipo Murmansk, bandari isiyoganda iliyoanzishwa 1916, na kundi la meli za nyuklia za kuvunja barafu zinazomilikiwa na dola. Urusi ilirithi ugavi huo. Shell ilitaka kuubeba wote baharini kwa gharama yake.

Inabaki hoja ya bei. Ni kweli kwamba Burger J haikutoa mafuta ya kutosha, na kwamba pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 50. Ni kweli pia kwamba kesi mahakamani zilichelewesha kazi. Hata hivyo, leseni zilizonunuliwa pipa likielekea dola 100 zilipata jibu la kisima kimoja baada ya miaka saba. Misimu ya 2012, 2013 na 2014 ilipita bila tone, na sehemu kubwa ya upotevu huo chanzo chake ni kuba na kamba. Mwekezaji anayesubiri kiasi hicho hawezi kusema kwamba bei ilimshtukiza: kuchelewa kwenyewe ndiko kulikomweka mikononi mwa soko.